Ufadhili miezi 24, matope ya mikoko bado yako frijini: tatizo ni nini hasa?

#1 Kusini_Pwani
Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa hesabu, lawama tuweke pembeni.

Mwanafunzi wa uzamili anapata ufadhili wa miezi 24 kupima kaboni ya udongo wa mikoko, iwe Rufiji, Kilwa au Ruvu. Mwezi wa 24 unafika, posho ya kujikimu inakatika, sampuli zimelala frijini na tasnifu ina sura tatu. Angekuwa mmoja ningenyamaza. Ni wengi.

Dai langu: si fedha wala uvivu, ni kalenda. Chuo kinafungua Oktoba, huo ndio mwezi wa 1. Masomo ya darasani na mitihani vinakula hadi Julai. Kuandika andiko la utafiti, kulitetea na kufanya marekebisho ya jopo, Agosti hadi Novemba. Barua na vibali, Desemba na Januari. Anafika uwandani Februari, mwezi wa 17. Wiki chache tu masika hii hapa, njia za delta hazipitiki, anarudi mjini kusubiri. Anaanza upya Juni, mwezi wa 21. Imebaki miezi mitatu ya kuchimba, kukausha, kuunguza, kuchambua na kuandika.

Mwenye maelezo mengine ayaweke.

#2 Jopo la Tatu
Juni hadi Septemba ni miezi minne, mkuu. Kama hesabu za kaboni nazo ziko hivi, tumeshapata tatizo la kwanza.

#3 Kusini_Pwani
😂 Sawa, minne. Hoja haijafa.

#4 Bamvua Kuu
Umeisahau kalenda ya pili, ya mwezi wa angani.

Pwani yetu bamvua (maji makubwa, yanayojaa na kupwa kupita kawaida) huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Upande wa Unguja na Dar siku hizo maji hujaa mwendo wa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kunaangukia kama saa 4 asubuhi. Hapo ndipo unafika kwenye mililana, mikoko iliyo mbele kabisa baharini. Kila siku kupwa kunachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukianza Jumatatu saa 4, Ijumaa unaanza saa 7 na dakika 20 mchana, na jioni si mbali.

Bamvua moja inakupa siku tano za maana. Mbili kwa mwezi, siku kumi. Sasa fungua bajeti za hawa vijana: "siku 30 za uwandani mfululizo". Maana yake boti na wasaidizi watalipwa siku 20 za kukaa kivulini. Fedha ikiisha kabla ya ploti kuisha, kalenda ya chuo imekosa nini hapo?

#5 Mchu Mkavu
#4 upo nusu sahihi. Siku kumi ni za ploti za mbele tu. Ukanda wa nyuma, wa mchu mfupi na mkandaa (aina nyingine za mikoko), maji mafu, yaani yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, hayaufikii kabisa. Unafanya kazi kutwa, mguu mkavu. Panga hivi: maji mafu unachimba ploti za upande wa nchi kavu, bamvua unashuka kwenye zile za baharini. Mstari mmoja wa ploti, toka baharini hadi nchi kavu, unaumaliza kwa safari mbili, na mwezi mzima unatumika.

Ila ukanda wa nyuma una adhabu yake. Ule mfinyanzi ukikauka, oga (bomba la kuchimbia udongo) haiingii kwa mikono, watu wanagonga kwa nyundo. Ukigonga, udongo unashindiliwa: bomba limeingia sentimita 100, udongo ndani ni sentimita 82. Hapo kuna mawili. Ama unapima urefu wa nje na wa ndani papo hapo na kuandika uwiano (82/100), ama unalitupa shimo hilo na kuchimba jingine nusu mita pembeni. Lisiloruhusiwa ni kuondoka bila kupima, halafu mezani unadai tabaka la 50 hadi 100 limefika.

#6 Mwanamaji wa Gazi
Hamjambo wa huko. Huku Kenya kila mtafiti, mwenyeji au mgeni, lazima awe na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, na maombi hufanywa mtandaoni. Hiyo si kazi ngumu. Ngumu ni zile barua za baadaye: kaunti, huduma ya misitu, kisha kikundi cha jamii chenye eneo lenyewe.

Faida ya kuchagua mahali kama Gazi kule Kwale ni kwamba data ya miaka mingi ipo tayari. Mradi wa jamii wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa tangu 2013, hekta 117 zimepimwa na kupimwa tena. Mwanafunzi haanzi sifuri, anaongeza swali moja juu ya yaliyopo. Wengi hukwama kwa kung'ang'ania eneo ambalo hakuna aliyewahi kulipima, ili jopo lione ni jipya.

#7 Mzee wa Barua
Kwa Tanzania Bara niweke ngazi yenyewe, maana vijana huruka vidato.

Chuo kinatoa barua kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa unaandika kwenda wilayani, wilaya au mkurugenzi wa halmashauri anaandika kwenda kata, kata kwenda kijiji. Hiyo ni njia ya utawala. Kuna njia ya pili inayosahaulika: mikoko yote ya Bara ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo TFS (wakala wa misitu) lazima wajue, hasa kama utakata tawi, utatoboa mti au utaondoka na udongo. Ukiwa Mafia ndani ya hifadhi ya bahari, ongeza Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kama umesajiliwa chuo cha nje, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ndiyo mlango wako wa kwanza. Zanzibar wana utaratibu wao, barua ya Bara haivuki maji.

Barua hukwama kwa sababu ndogo sana. Tarehe imeandikwa "10 hadi 28 Februari", mvua ikinyesha barua imekufa, unarudi mkoani. Andika "Februari hadi Oktoba". Majina ya wasaidizi hayamo, afisa anauliza hawa watatu ni nani. Nakala ni moja, ofisi ya kwanza imebaki nayo. Toa nakala kumi, kila ofisi igonge muhuri kwenye yako na ibaki na yake.

Na hakuna sheria inayosema vibali vingoje kutetea andiko. Barua ya chuo ndiyo inayongoja. Hizo nyingine ziandae rasimu mapema, uwaone maafisa ana kwa ana mwezi wa Septemba.

#8 Masurufu
Nimesoma yote, hakuna aliyegusa donda. Donda ni marejesho.

Ufadhili una mifuko miwili. Posho ya kujikimu inaingia kwa mwanafunzi moja kwa moja. Fedha za utafiti mara nyingi zinapitia chuo kama masurufu (fedha ya kutangulizwa), awamu kwa awamu. Awamu ya kwanza ni ya uwandani, ya pili ni ya maabara. Ya pili haitoki hadi ya kwanza irejeshwe kwa risiti. Sasa nahodha wa mtumbwi wa mashine kule ndani ya delta, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ataitolea wapi? Mama anayepika? Vijana wawili waliobeba oga? Mwanafunzi anarudi na vikaratasi vya daftari, mhasibu anavikataa, na hapo sampuli zinaanza kulala frijini. Siyo masika.

Dawa yake ipo, tena halali: karatasi ya malipo yenye jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kazi, tarehe za kila siku, kiasi, sahihi au dole gumba, chini muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mafuta ya boti nunua mjini kwenye kituo chenye EFD kabla ya kushuka, ubebe kwa madumu. Na kabla ya safari mwandikie mhasibu dokezo kwamba malipo ya aina hii yatakuwepo. Ukimwandikia baada ya safari, inasomeka kama utetezi.

#9 Bamvua Kuu
#8 nimekuvulia kofia. Ila petroli kwenye madumu ndani ya mtumbwi, pamoja na wavuta sigara… haya.

#10 Stoo ya Mizani
Kila uzi wa namna hii lazima maabara ilaumiwe, kwa hiyo nitangulie kabla hamjafika.

Mwanafunzi mwenye mistari 12, ploti 6 kila mstari, tabaka 5 kila shimo (0–15, 15–30, 30–50, 50–100, na chini ya 100) ana sampuli 360. Oveni ya kawaida inabeba 60 kwa mkupuo, nyuzi 60, saa 72. Mikupuo sita, siku 18. Tanuri dogo linabeba krusibo (vikombe vya kuunguzia) 24, kwa hiyo mikupuo 15. Kila mkupuo ni kutwa moja: kupandisha joto, saa nne kwenye nyuzi 450 au 500, kupoza kwenye desiketa (chombo kisichoingiza unyevu), kupima. Jumla siku 33 za kazi. Umeme ukikatika katikati mkupuo huo unarudiwa, weka siku 10 za akiba. Wiki sita hadi nane.

Kwa hiyo tanuri si kikwazo. Vikwazo ni hivi: (a) mfuko umeandikwa kwa kalamu ya wino, maji ya chumvi yamefuta, na sasa kuna sampuli 40 zisizo na jina. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, itie kwenye kimfuko chake, kisha ndani ya mfuko wa udongo, na nje uandike kwa kalamu isiyofutika. Mara mbili. (b) "Saa 72" inachukuliwa kama aya ya msahafu. Mfinyanzi mzito haukauki kwa saa 72. Unapima, unarudisha saa 12, unapima tena, hadi uzito usibadilike. (c) Krusibo zinaandikwa namba kwa kalamu, kwenye nyuzi 500 namba haipo tena. Chora kwa penseli au ramani ya trei.

#11 Kijana wa Tasnifu
Shukrani kwa somo. Samahani kuingilia, kuna jedwali la mwenzangu limetushinda na linahusiana. Mstari wa ukanda wa kati, mikoko mitupu, tabaka la 0–15. Kipande cha sentimita 5 kutoka katikati ya tabaka: uzito mbichi gramu 64, mkavu gramu 30.4. Ujazo ameandika sentimita za ujazo 98.2. Msongamano unatoka 0.31. Kaboni asilimia 7.8. Tani kwa hekta: 36. Utafiti wa zamani wa eneo hilohilo una karibu mara mbili. Msimamizi anamwambia akachimbe upya na fedha hakuna. Ni nini?

#12 Stoo ya Mizani
Hesabu yenyewe iko sawa: 0.31 × 15 × 7.8 = 36.3. (Kwa wasomaji: gramu kwa sentimita ya ujazo, mara unene kwa sentimita, mara asilimia ya kaboni ikiachwa kama namba nzima, inatoka tani kwa hekta moja kwa moja.)

Ila hiyo 98.2 ni silinda kamili ya kipenyo sentimita 5 na urefu 5. Alitumia oga ipi? Kama ni ile ya uso wazi, iliyokatwa nusu duara, ujazo ni nusu: 49.1. Msongamano unakuwa 0.62 na kaboni tani 72.5. Asichimbe chochote, arekebishe safu moja ya Excel.

#13 Mchu Mkavu
Usimalize haraka, kuna maelezo mengine mawili. Kwanza, kipande kilichomomonyoka. Udongo wa juu wa mikoko umejaa vijizizi, ukiukata kwa kisu butu unavuta nyuzi na kipande kinatoka pungufu. Unadhani una sentimita 5, una 3. Pili, matundu ya kaa. Oga ikipita kwenye tundu, nusu ya ujazo ni hewa. Yote mawili yanashusha msongamano hata kwa silinda kamili.

#14 Jopo la Tatu
Hilo linapimika bila kurudi uwandani. Udongo wa mikoko uliolowa kabisa hauna hewa: ujazo wake ni maji jumlisha chembe. Maji ni 64 − 30.4 = gramu 33.6, gawanya kwa 1.025 kwa sababu ni maji ya bahari, unapata 32.8. Chembe: gramu 30.4 gawanya kwa 2.4 hivi, kwa udongo wenye mboji kiasi hicho, 12.7. Jumla 45.5. Iko jirani na 49.1 na mbali mno na 98.2. Naungana na #12.

#15 Mchu Mkavu
Kama uzito mbichi ulipimwa palepale ufukoni. Ukipimwa mjini siku mbili baadaye, mfuko umeshavuja na maji yamepungua, hesabu yako inaonyesha ujazo mdogo kuliko wa kweli. Na "uliolowa kabisa" kwenye ukanda wa kati saa ya kupwa ni dhana, mkuu. Muulize alipima wapi.

#16 Kijana wa Tasnifu
Nimemwandikia. Asanteni, nasubiri jibu lake.

#17 Mwanamaji wa Gazi
Na hiyo 7.8 imetoka wapi? Kwa mashine ya kaboni na nitrojeni, au kwa kuunguza kisha kubadili kwa mlinganyo?

Mlinganyo unaozunguka kwa wanafunzi ni ule wa mikoko ya Palau: asilimia ya kaboni = 0.415 × uzito uliopotea kwa kuungua + 2.89. Watu huubandika kila mahali. Angalia ile 2.89 mwishoni. Tabaka la mchanga la chini, uzito uliopotea asilimia 2: 0.415 × 2 + 2.89 = 3.72. Kaboni imezidi mboji iliyoizaa! Kwenye matope mazito ya juu kosa halionekani, kwenye mchanga wa chini linajaza hekta kwa tani za hewa.

Na kuungua kwenyewe hudanganya. Mfinyanzi ukifika nyuzi 500 na kupanda unaachia maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, unayahesabu kama mboji.

#18 Bamvua Kuu
Upande wa visiwani ongeza chokaa. Udongo wa mikoko ya Unguja na Mafia sehemu nyingi una mchanga wa matumbawe na magamba. Mashine ya kaboni haibagui, inahesabu na kaboni ya chokaa. Lazima iondolewe kwa asidi ya hidrokloriki kwanza. Matope ya mto kama ya Rufiji hayana shida kubwa hiyo, lakini jaribu: tone la asidi juu ya udongo mkavu uliosagwa, likichemka povu, una chokaa.

Wakosapo: wanaloweka kwenye asidi kisha wanasuuza kwa maji mara tatu, na kaboni ya mboji iyeyukayo inakwenda na maji ya kusuuza. Afadhali mvuke: kapsuli ndogo za fedha (zile za bati zinaliwa na asidi), udongo miligramu 10 hadi 20, tone la maji, ndani ya desiketa yenye bika ya asidi kali usiku kucha, kisha kukausha. Kapsuli za fedha ni ghali na hakuna anayeziweka kwenye bajeti.

#19 Kusini_Pwani
Naona uzi umehamia jikoni. Sawa, ila swali la mwanzo bado: kwa nini mwezi wa 24?

#20 Msumeno
Kwa sababu ya ukubwa wa kazi yenyewe. Rudini #10, sampuli 360. Nani alisema 360? Ploti sita za mstari mmoja hazijitegemei, ni jirani za mita 25. Ukilinganisha maeneo, kipimo chako cha kweli ni mstari, yaani n = 12, si 72. Chimba udongo kwenye ploti 3 badala ya 6, miti pima kwenye zote sita. 12 × 3 × 5 = 180. Nusu ya boti, nusu ya tanuri, na uwezo wa kuona tofauti kati ya maeneo haupungui kwa nusu. Ukitaka kuongeza nguvu ya takwimu, ongeza mistari.

Za mashine usipeleke zote 180. Unguza zote, chagua 35 zinazogusa kila tabaka na kila aina ya udongo, hizo ndizo ziende kwenye mashine, tengeneza mlinganyo wako wa eneo lako. Palau waachie wenyewe.

#21 Jopo la Tatu
Mimi nakubali kwa takwimu. Shida, jopo likiona 180 linasema "chache". Anayerekebisha anaongeza hadi 360 ili apite, na fedha zilikuwa za 180. Alete jedwali la hesabu ya ukubwa wa sampuli siku ya kutetea, lenye tofauti ndogo anayotaka kuigundua na mtawanyiko kutoka data ya zamani. Bila jedwali, jopo litabuni namba lenyewe. Ndivyo majopo yalivyo.

#22 Mzee wa Barua
Kuhusu kupeleka nje, msibebe kilo za udongo kwenye begi. Ulaya hairuhusu udongo kutoka nje ya nchi zake bila kibali cha kisayansi, na kibali hicho anakiomba mwenye maabara kule, hukiombi wewe huku. Mwandikie miezi mitatu kabla. Huku kwetu Bara pita TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea), Kenya ni KEPHIS, na uwe na mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na chuo. Mashine inakula miligramu, kwa hiyo chupa 35 zenye unga wa gramu 2 kila moja zinatosha, jumla gramu 70. Nusu ya kila sampuli ibaki nyumbani. Mzigo ukipotea njiani hakuna masika ya pili.

#23 Nyanza_Baridi
Sisi wa Ziwa Victoria tunawasoma tu na bamvua zenu 😄. Kwetu friji ndiyo kalenda. Maji ya kupima nitrati na fosfeti yanachujwa palepale kwenye boti, yanagandishwa, la sivyo vijidudu vinakula namba zako kabla hujafika Mwanza. Kichujio cha klorofili kinafungwa kwenye foili na kugandishwa, mwanga ukikigusa kazi imekwisha. Mwani wa kuhesabu kwa hadubini ni dawa ya Lugol (iodini), tone kwa tone hadi maji yawe rangi ya chai ya rangi, na chupa hiyo usiigandishe.

Lakini udongo mkavu hauozi! Mkikausha wiki ileile mnayotoa, friji ya nini? Hapo kwenye kichwa cha uzi ndipo penye kosa.

#24 Stoo ya Mizani
#23 amegusa. Friji ni ya siku chache za kungoja oveni. Udongo wa mikoko ukikaa miezi kwenye nyuzi 4 unaendelea kuoza polepole na unanuka mayai viza jengo zima. Hauna oveni? Utandaze juani kwenye trei zilizofunikwa chandarua ili vumbi lisiingie, kisha oveni ya mwisho ukipata nafasi. Sharti moja tu: usipoteze hata punje, maana uzito wote ndio msongamano wako.

#25 Masurufu
Oveni ipo, fedha ya oveni iko awamu ya pili. Narudi palepale.

#26 Mwanamaji wa Gazi
Basi waombe ruzuku ya pembeni. Tofautisheni: ufadhili wa masomo kama ule wa DAAD (shirika la Ujerumani) wa ndani ya nchi na kanda unamsomesha mtu, ruzuku ya utafiti ni kitu kingine. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari pale Zanzibar, wana ruzuku ya MARG kwa mambo ya bahari. Anayesoma Tlemcen kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika, ile ya maji na nishati, naye apange mapema fedha za kurudi kuchimba nyumbani.

Na kuongezewa muda bila fedha mpya, kuombwe mwezi wa 18, kukiwa na jedwali la kilichokamilika na kilichobaki kwa wiki. Barua ya mwezi wa 24 mfadhili anaisoma kama taarifa ya msiba.

#27 Kusini_Pwani
Mwezi wa 18 ni Machi, yuko masikani anaangalia mvua. Angalau atakuwa na nafasi ya kuandika barua. Kalenda, nilisema.

#28 Bamvua Kuu
Kitu kidogo kabla sijasahau, kwa wanaopima miti: mkoko wenye mizizi ya matao haupimwi mita 1.3 kama mwarobaini. Unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Na fomu isiandike "mkoko" kwa kila mti. Mkoko ni mkoko, mkandaa ni mkandaa, msinzi ni msinzi (huko Gazi mnauita muia), mkomafi ni mkomafi. Kila mmoja una mlinganyo wake wa uzito, na mti wa mkomafi si mzito kama wa mkoko.

#29 Mchu Mkavu
Mzee wa kijiji anajua majina kuliko kitabu cha picha. Mlipe siku yake, muweke kwenye karatasi ya #8.

#30 Kijana wa Tasnifu
Wakuu, amejibu. Uzito mbichi aliupima mjini, siku ya tatu, mifuko ilikuwa na maji nje. Kuhusu oga, anasema aliazima stoo ya idara. Nimeenda stoo: ziko mbili, moja nusu duara ya uso wazi, moja bomba zima, zote kipenyo sentimita 5. Fomu ya kuazima imeandikwa "Oga 1".

#31 Stoo ya Mizani
"Oga 1" ni idadi au ni namba ya oga?

#32 Kijana wa Tasnifu
Mtunza stoo naye anauliza hivyohivyo.

#33 Mchu Mkavu
Atafute picha za uwandani. Kama hana, ampigie nahodha, manahodha hawakosi kupiga picha mtu akizama matopeni. Oga itakuwa mkononi.